Daktari Mikwaruzo na Paka Thelathini na Mmoja

Mama aliyelala mbele yetu leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Daktari Mikwaruzo, na wengine mlimjua kwa kumgongea mlango saa moja asubuhi mkiwa na paka ndani ya kapu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949 katika chumba cha nyuma cha duka la nyama la baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na wa kwanza kukataa kulala mchana.

Duka hilo lilikuwa na paka wawili wa kufukuza panya na mbwa watatu wasio na mwenyewe, waliojipangia zamu kwenye mlango wa nyuma. Kabla hajajua kuandika jina lake vizuri, Marehemu alikuwa na daftari lenye mistari mitano, mstari mmoja kwa kila mnyama: nani amekohoa, nani amekataa mfupa, nani anajikuna kupita kiasi. Dada zake walicheza mama na mtoto. Yeye alicheza hospitali, na wagonjwa wake walimng'ata kwelikweli.

Alipokuwa na miaka tisa, paka mkubwa wa duka, aliyeitwa Meneja, alitapika siku nne mfululizo, akakonda, akafa. Mtaa mzima ulikuwa na jibu tayari. Fundi viatu wa jirani alikuwa amelalamika kila wiki kwamba Meneja anajisaidia juu ya ngozi zake. Basi ni yeye aliyetia sumu. Baba alikata salamu. Mama naye akakata. Watoto wakakatazwa kucheza na watoto wa fundi. Marehemu hakubishana na mtu. Alichukua kisu chembamba cha baba yake, akamlaza Meneja juu ya gunia nyuma ya duka, akampasua.

"We mtoto!" baba alifoka alipomkuta. "Hicho kisu cha biashara!"

"Baba, tazama kwanza halafu unichape."

Baba akatazama. Ndani ya utumbo kulikuwa na uzi wa kufungia nyama, mrefu kama mkono wa mtoto, umeukusanya utumbo wote kama kamba ya suruali inavyokusanya kitambaa kiunoni. Ulikuwa uzi wa duka lao wenyewe, wenye harufu ya nyama, uliodondoka sakafuni. Baba aliuchomoa uzi. Kisha akanawa, akavua aproni, akaenda mlango wa pili, na watoto waliotega masikio ukutani walimsikia akisema, "Jirani, yule paka nimemuua mimi, kwa uzi wangu." Fundi akajibu, "Nilijua si mimi. Nilichokuwa sijui ni kama utakuja kusema."

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kuimaliza mwaka 1963. Kuanzia 1964 hadi 1969 alisoma sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alipewa adhabu mara mbili kwa kumficha mbwa mwenye ukurutu katika chumba cha kuhifadhia mifagio. Adhabu zote mbili alizitumikia akiimba, kwa sababu mbwa alipona. Septemba 1970 aliingia chuo cha udaktari wa mifugo. Walikuwa wasichana wawili kati ya wanafunzi thelathini na wanane, na masomo yote yalikuwa ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Alipoomba kufanya utafiti wa mwisho juu ya paka, mhadhiri wake alivua miwani.

"Ng'ombe ni uchumi, binti. Mbuzi ni uchumi. Paka ni nini?"

"Paka ni mgonjwa, Mwalimu."

Darasa liliangua kicheko, na mhadhiri, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akatia saini. Alihitimu Novemba 1974.

Tarehe 2 Januari 1975 aliajiriwa katika maabara ya mifugo, kitengo cha mbwa na paka. Jina la kitengo lilikuwa kubwa kuliko chumba. Kilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha moja, friji iliyofungwa kwa kamba, hadubini iliyoegemezwa kwa kitabu, na mashine ya kuzungusha damu iliyolia kama pikipiki inayopanda mlima. Humo ndani alimkuta fundi wa maabara aliyeitwa Darubini, kijana mrefu mwenye macho yaliyoona kupe mdogo kuliko punje ya ufuta. Walifanya kazi pamoja miaka thelathini na minne. Waligombana kila siku, na hakuna siku waliyoagana wamenuniana.

Jina la Mikwaruzo alilipata mwaka huo huo. Alikataa kuvaa glavu nene za kushikia paka, akidai kwamba paka akishikwa kwa glavu hujiona amekamatwa, lakini akishikwa kwa mkono hujiona ameshikwa. Paka wenyewe hawakuielewa tofauti hiyo. Mikono yake ilichorwa mistari kuanzia vidole hadi viwiko, na mtu aliyempa mkono kwa mara ya kwanza aliuangalia mara mbili.

Katika miaka hiyo alisaka homa ya kupe kwa mbwa wa mitaa minne, akaonyesha kwamba nusu ya mbwa waliosemwa wamelogwa walikuwa na minyoo ya moyo, na akachanja mbwa zaidi ya elfu sita dhidi ya kichaa, wengine wakiwa wamepakatwa na wenye nyumba waliotetemeka kuliko mbwa. Aliipenda kazi hiyo kupita maelezo. Alikuwa mtu wa kuamka akiwa ameshaanza kuongea. Jibu la kipimo likitoka, alilipokea kama wengine wanavyopokea barua kutoka mbali.

Mwaka 1976 maabara ilihitaji benchi la wateja. Aliletwa fundi seremala, mtu mpole wa maneno machache, ambaye alipima sebule ya kusubiria kwa hatua zake na kutengeneza benchi moja refu la mbao ngumu kutoka ukuta hadi ukuta. Marehemu alilikagua kama anavyokagua mbwa.

"Refu mno hili."

"Wateja wako wengi."

"Halina pa kuegemea."

"Wateja wako," fundi alisema, "hawaegemei. Nimewaona. Wanakaa ukingoni kama wanataka kukimbia."

Inasemekana Darubini alimwambia Marehemu jioni hiyo, "Dada, umekutana na mtu anayeangalia." Walifunga ndoa tarehe 16 Julai 1977. Mahari ilikuwa ya kawaida na sherehe ilikuwa ndogo. Ila bwana harusi alichelewa dakika ishirini kwa sababu bibi harusi alikuwa amemtuma akachukue sampuli ya kinyesi cha mbwa kwa mjomba. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1979 na wa kike mwaka 1982. Waliishi pamoja karibu miaka arobaini na mitano na miezi kumi, na hakuna aliyewahi kumsikia mzee huyo akilalamika juu ya vichupa vya sampuli kwenye friji ya chakula. Aliviwekea rafu yake.

Kati ya 1989 na 1991, Marehemu alifanya utafiti aliouona kuwa ndio utakaompa jina. Alipima damu ya paka mia mbili na kumi na wawili waliofikishwa maabara, akakuta hamsini na wanane wana sukari iliyopanda sana. Zaidi ya robo! Ripoti ilitoka Januari 1992: kisukari kimeenea kwa paka wa mjini. Gazeti liliandika, chuo kikamwalika, na mkuu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, alimwambia waziwazi kwamba kiti cha mkuu wa utafiti ni chake mwaka ukiisha. Wenye paka thelathini na mmoja walianza kuwadunga paka wao insulini nyumbani, mara mbili kwa siku, kwa kipimo alichowaandikia yeye.

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1992, mjane mmoja mshonaji nguo alifika maabara akikimbia, miaka yake sitini na tano, na paka wake akiwa amelegea ndani ya shuka kama nguo iliyolowa. Marehemu alimpaka paka maji ya sukari kwenye ufizi, tone baada ya tone, hadi ulimi ukaanza kulamba. Sukari ya mnyama ilikuwa imeshuka karibu na kifo.

"Mama, ulimdunga kiasi gani?"

"Kiasi ulichoniandikia, mwanangu. Sikuzidisha hata tone."

Maneno hayo Marehemu hakuyasahau. Mama yule alikuwa hajamlaumu. Alikuwa akijitetea mbele ya daktari. Na daktari akaona kwamba mtu wa kujitetea si mama.

Alimfuata mshonaji hadi kwake, akasimamisha sindano, akashinda hapo Jumapili nzima kati ya vitambaa na cherehani. Kila baada ya saa mbili alichukua tone la damu kwenye ukingo wa sikio la paka, naye paka amejilaza juu ya mapazia ya mteja. Tano. Tano na nusu. Tano. Sukari ya paka mzima kabisa. Jumatatu ikawa vilevile. Akamwomba mshonaji amlete paka maabara ili Darubini ashuhudie. Wakaketi kwenye benchi, wakasubiri zamu yao, damu ikachukuliwa.

"Kumi na saba," Darubini alisoma.

"Rudia."

"Nimerudia, Dada. Kumi na saba."

Marehemu akatoka hadi sebuleni. Akaliangalia benchi. Upande huu paka saba ndani ya makapu na maboksi. Upande ule, bega kwa bega nao, mbwa wanne, mmoja wao mkubwa kama ndama, akihemea kapu la paka wa jirani. Alisimama pale muda mrefu hata mteja mmoja akamwuliza kama amepoteza kitu.

Jumanne asubuhi alimpima paka wake mwenyewe nyumbani, paka aliyeitwa Katibu, ambaye hakuwahi kuugua hata mafua. Tano. Akamtia kapuni, akamweka kwenye benchi karibu na yule mbwa mkubwa kwa dakika ishirini na tano, akampima tena. Kumi na sita!

Waliokuwepo husimulia hadi leo kilichofuata. Daktari wa miaka arobaini na miwili, mama wa watoto wawili, alikimbia ukumbini akipiga kelele, koti limepepea, kichupa cha damu kimeinuliwa juu.

"Dada, umeshinda bahati nasibu?" Darubini aliuliza.

"Nimekosea! Darubini, nimekosea! Paka hawaumwi, wanaogopa! Hofu ndiyo inayopandisha sukari!"

"Sasa hilo ndilo la kushangilia?"

"Ndiyo! Tumejua leo, si mwakani!"

Furaha ile ilikuwa ya kweli, na haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa ameona jambo lilivyo, na kwake hakukuwa na raha inayozidi hiyo, hata jambo lenyewe likiwa limemwangukia yeye. Mumewe alipoelezwa mchana ule, alikuja na msumeno bila kuulizwa. Alilikata benchi lake katikati, akabeba nusu moja hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango. "Hapo paka," alisema. Hayo tu.

Lakini wengine thelathini walikuwa bado wanadungwa, na hapa ndipo palipokuwa na moto. Kuwaambia wote waache kungekuwa kosa la pili, kwa sababu huenda kati yao walikuwamo wagonjwa wa kweli, na mgonjwa wa kweli hakai siku nyingi bila dawa. Kuwaambia wote waendelee kulikuwa kuwaua wazima. Ilibidi kila mmoja apimwe, tena nyumbani kwake, tena akiwa ametulia, na ndani ya siku chache.

Mkuu wa maabara alimsikiliza akiwa ameshika paji la uso. "Ripoti imeshachapwa. Ngoja mkutano wa Juni, tuirekebishe kistaarabu. Na kile kiti pia ukikumbuke."

"Mzee, paka hawatangoja Juni."

"Sijakuzuia kwenda. Nimekushauri usiseme sana."

Aliondoka na orodha, kipimo kidogo cha mkononi, na mumewe akiendesha pikipiki. Siku nne walizunguka. Mlangoni ujumbe ulikuwa mmoja: simamisha sindano kuanzia sasa, nikaribishe ndani, unipe kiti, usinijali. Kisha alikaa. Hakumwita paka, hakumtazama, hakumnyooshea mkono. Alikaa dakika arobaini hadi paka alipokwenda mahali pake pa kila siku, juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya sufuria, akaanza kujilamba. Ndipo akamsogelea. Mtu huyu ambaye hakuweza kutulia mezani hadi sahani ziishe, alikaa kimya katika nyumba ishirini na tisa. Mumewe alisema baadaye kwamba hakujua mke wake anaweza kunyamaza kiasi kile. Alidhani labda anaumwa.

Watu walimpokea kila mmoja kwa namna yake. Mwenye duka la dawa alicheka hadi akashika ukuta. Dereva mmoja alimkumbatia paka akalia. Mama mmoja mwenye watoto pacha alimwambia, "Daktari, kwa hiyo miezi miwili nimegombana na paka bure? Hebu angalia mkono wangu!" Marehemu akakunja mkono wa koti lake, wakalinganisha mikwaruzo, mama akakubali kwamba ameshindwa.

Nyumba moja haikufunguka. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa utaratibu, ambaye alidunga saa moja kamili asubuhi na saa moja kamili jioni na kuandika kila sindano kwenye karatasi iliyopigwa mistari, alisimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Januari ulikuwa na uhakika," alisema. "Machi tena una uhakika. Nifuate uhakika wa mwezi gani?"

 Marehemu alisema alilokuwa nalo: "Mwalimu, naomba dakika arobaini tu."

"Niliambiwa nikiruka sindano moja nitamuua. Ni wewe uliyeniambia."

Mlango ukafungwa. Alirudi jioni, ukafungwa tena. Alhamisi alfajiri alikuwa pale, akakaa kwenye ngazi. Saa mbili asubuhi mwalimu alifungua mwenyewe. Alisogea ili Marehemu apite. Paka alikuwa chini ya meza ya kusahihishia madaftari, ameshakauka.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Ishirini na sita walikuwa wazima, waoga tu. Wanne walikuwa na kisukari kweli, wakarudishiwa dawa kwa wakati; mmoja wao aliishi miaka mingine saba. Mmoja alikufa. Marehemu aliandika marekebisho ya ripoti katika kurasa sita, akaeleza benchi, mbwa, hofu na dakika arobaini, na katika ukurasa wa tano aliandika: "Mnyama mmoja alikufa kwa kosa la mtafiti." Mkuu wa maabara alimsihi abadilishe iwe "kwa matatizo ya matibabu." Akakataa. Akasihiwa aiondoe kabisa. Akakataa. Mwaka ulipoisha, kiti alipewa mwingine, na Marehemu alikwenda kumpongeza na mche wa waridi ndani ya kopo.

Marekebisho hayo yalibadilisha kazi katika maabara na kliniki nyingi za jirani. Paka wakatengwa na mbwa, makapu yakafunikwa kitambaa, dakika arobaini zikawa sheria. Na mwaka 1994, siku ya Jumatano, mwalimu mkuu aliingia chumba cha nyuma akiwa na paka mchanga kifuani, akaketi kwenye nusu ile ya benchi.

"Nimekuja," alisema. "Usinieleze kitu. Mpime tu."

"Utangoja, Mwalimu."

"Najua muda gani. Nimesoma ripoti yako. Zote mbili."

Alifanya kazi nyingine nyingi, nazo hakuzifanya kwa kununa. Mwaka 1999 alichunguza kwa nini mbwa wa mtaa mmoja wa watu wenye kipato cha kawaida wamenenepa hadi hawawezi kupanda ngazi. Kila mwenye mbwa aliapa kwamba mnyama wake hali chochote. Marehemu alimfuata mbwa mmoja kwa miguu tangu saa kumi na mbili asubuhi na kugundua kwamba anakunywa chai katika nyumba saba, na kila nyumba inaamini kuwa inamwokoa na njaa. Ripoti hiyo ina ramani. Kwa miaka kumi iliyofuata alishughulikia figo za paka wazee na nyonga za mbwa wakubwa, akafundisha wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wapatao mia moja na arobaini, na kila mmoja wao, kabla ya kuruhusiwa kushika bomba la sindano, alipewa ripoti mbili za mwaka 1992 azisome zikiwa pamoja. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2009. Tarehe 1 Septemba alikuwa tena maabara, akidai amesahau miavuli. Aliendelea kusahau miavuli kwa miaka kumi.

Afya yake ilianza kuyumba Oktoba 2019, moyo ulipogundulika kuwa umetanuka. Alilazwa mara nne. Wodini aliwajua wagonjwa wenzake kwa wanyama wao: yule wa kitanda cha tatu ndiye mwenye mbwa kipofu, yule wa dirishani ana paka anayekula sabuni. Daktari wa moyo alipomwonyesha picha za kipimo, aliomba arudishe ile ya pili, akaisogeza karibu na macho, akasema kwa furaha isiyofichika, "Tazama valvu hiyo ya moyo! Nimeiona kwa mbwa wadogo mara mia. Kumbe ndivyo inavyosikika kwa ndani."

Mwezi Aprili mwaka huu alirudi nyumbani kwa hiari yake. Mumewe, akijua muda umekaribia, alianza kuandika wasifu huu kwa penseli ya useremala. Aliorodhesha vyeti, tuzo mbili, barua ya pongezi, mbwa waliochanjwa. Jioni moja kukiwa bado na mwanga aliuchukua akamsomea kando ya kitanda. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Huyo nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mke wangu."

"Simjui. Kosa langu liko wapi?"

"Watu watakuwa wanalia siku hiyo. Niwasomee kosa?"

"Wasomee. Na kelele nilizopiga ukumbini, wasomee, ili wacheke. Halafu wasomee nyumba ya mwalimu, wala usiseme matatizo ya matibabu." Akapumzika, maana kuongea kulikuwa kumeanza kumchosha. "Wanafunzi wangu watakuja. Mmoja wao ana ripoti mezani sasa hivi ambayo anaogopa kuirekebisha. Simjui ni nani, lakini yupo. Namtaka huyo asikie."

Mzee alifuta orodha ya vyeti. Alianza upya, akapeleka kwa familia, na familia imeuweka kama alivyoagizwa.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, saa nne na robo asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na wanawe wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, miezi tisa na siku mbili.

Ameacha mume, mtoto wa kiume, fundi umeme, na mkewe, mtoto wa kike, mkunga, na mumewe, wajukuu watano, ambao wote wana mkwaruzo angalau mmoja, dada wawili na kaka mmoja, Darubini, ambaye familia inamhesabu ndugu, mshonaji nguo wa miaka tisini na sita, ambaye amekuja leo na ameketi mstari wa mbele, mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, na paka wawili waliokalia kiti chake tangu Alhamisi, na hakuna mwenye moyo wa kuwashusha.

Familia inaomba jambo moja tu kwa mwanafunzi yule ambaye Mama hakumjua jina. Ukitoka hapa leo, nenda kairekebishe.

Naye mwenyewe, aliyekimbia maisha yake yote, apumzike sasa, na amani imkute.